Masale Niliyoyang'oa Mimi

Rafiki yangu Ndekirwa,

Bati zimefika. Naanza na hilo kwa sababu kila siku ulipokuwa umelala na kile kichomi uliniuliza, "Maganga, bati zimefika?" nami nikakujibu kesho, kesho, mpaka asubuhi ile ambayo hukuuliza tena. Zilifika siku nne baada ya kukuzika, katika magari mawili ya Makaburu yanayovutwa na ng'ombe, kutoka Moshi zinakoshushwa na reli. Sasa shule ya tatu ina paa. Mvua ikinyesha, mwalimu aliyewekwa mahali pako hasikiki. Anasimama na chaki mkononi anangoja, na wanafunzi wanamcheka. Wewe usingengoja. Ungewaandikisha mpaka mvua ikatike.

Kengele nayo imepandishwa. Mti wa kahawa ulioupanda karibu na mlango umetoa maua. Mimi sipo tena katika kazi ya shule, na sababu yake ndiyo barua hii.

Nitasema yote kwa mpangilio, hata yale unayoyajua, maana nikianza katikati nitakimbia tena kama nilivyokimbia mwaka mzima.

Nilifika kwenu nikiwa mpagazi. Nilitoka Unyamwezi na mzigo kichwani, na tulipoanza kupanda Meru vidole vyangu vilikuwa vimeliwa na funza hata sikuweza kuvaa ndala. Mkubwa wa msafara akaniacha kwenye shule ya kwanza kama mtu anayeacha chungu kilichopasuka. Ile haikuwa shule ya kutazamwa. Ilikuwa nyumba moja ndefu ya nyasi katikati ya migomba, magogo ya kukalia, wanafunzi saba, na wewe mkubwa wao. Bwana, yule mzungu aliyeianzisha, alikuwa na kitabu kimoja na ubao mmoja, na ubao wenyewe ulikuwa mlango wa sanduku lake. Marehemu mama yako ndiye aliyenitoa funza kwa mwiba. Alikuwa akisema maneno kwa Kimeru huku anachokoa, nawe ukacheka mpaka ukashika tumbo. Nikakuuliza anasemaje. Ukasema, "Anasema miguu hii imetembea dunia nzima na bado haijajifunza kunawa."

Miguu ilipopona sikuondoka. Nilichota maji ya shule, nikapasua kuni, halafu wakanitia kwenye matofali.

Shule ya pili tuliijenga chini, upande wa Elerai, kwa ajili ya Waarusha, kwa sababu wao walisema hawawezi kupanda mlima kwenda kukaa chini ya Wameru na kufundishwa. Hiyo tuliijenga kwa matofali ya kuchoma. Mbao tulizipasua msituni Olmotonyi tukazibeba mabegani, na bega langu la kulia mpaka leo liko chini kuliko la kushoto. Wazee wa Kiarusha walikuja kila siku kututazama. Mmoja wao aliuliza, "Nyumba kubwa hivi, na ng'ombe watalala upande gani?" Ulipomwambia hakuna ng'ombe watakaolala humo, alituonea huruma kweli, akatuletea maziwa.

Ni pale uliponifundisha kusoma. Saa ya mchana wenzangu walipojilaza kivulini, wewe ulikuwa unashuka kutoka darasani na kuchuchumaa kwenye safu ya matofali mabichi, unaandika kwa kijiti kwenye udongo. Nilitaka kuanza na jina langu. Ukakataa. "Anza na kitu usichokipenda. Hicho hutakisahau." Basi neno langu la kwanza katika maisha haya lilikuwa funza. Bwana alilikuta tofali limeshachomwa, akalisoma, akasema likae ukutani lakini liangalie ndani.

Tulikuwa na miaka mizuri, Ndekirwa. Sijui kama nilikuambia hivyo ulipokuwa hai.

Halafu ikaja shule ya tatu. Hii ilikuwa ya kufundishia walimu. Bwana alitueleza kwamba wakubwa wa misheni, wale walioko ng'ambo, wamekubali shule zake zote tatu ziwe kitu kimoja na chuo chao cha huko Ulaya. Watu wakifanya mtihani hapa, karatasi zitafungwa kwa lakiri, zitapelekwa pwani, zitapanda meli, na wazee wa huko watazisoma na kurudisha cheti chenye muhuri wao. Wewe uliwekwa kati ya watatu wa kwanza. Nakumbuka ulivyosema tukiwa tunakoroga udongo: "Mtu ambaye hajaniona nikifundisha ndiye ataniambia kama ninajua." Lakini ulisoma. Ulisoma mpaka mkeo, Mama Naeli, akasema naye atageuka kitabu, labda atatazamwa.

Mahali pa shule hiyo alipatoa Mzee Sangito, baba yako mdogo, aliyekulea tangu baba yako alipofariki. Hakupatoa kwa ajili ya mzungu. Alipatoa kwa ajili yako. Alikata kipande cha kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, akasema kinaishia kwenye masale. Ng'ambo ya masale kuna migomba yake na kuna kaburi la mama yake.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Bwana alikuwa ameshuka shule ya pili. Wanaume wote wa mteremko walikuwa wamekwenda juu kusafisha mfereji, kwa sababu ilikuwa zamu ya siku mbili, na wanawake walikuwa sokoni. Wewe ndiye uliyekuwa msimamizi wetu sisi vibarua. Asubuhi, kabla hujapanda kwenda kufundisha shule ya kwanza, uliniambia, "Maganga, fyeka mpaka kwenye masale. Masale usiyaguse." Nikakujibu, "Nayajua masale."

Sikuyajua. Nilikuwa nimelisikia neno hilo mara mia. Nilisikia watu wakisema huyu kaleta isale, yule kapanda masale, wale walishindwa kupigana kwa sababu ya isale. Lakini hakuna aliyewahi kunionyesha kwa kidole. Na jana yake tu nilikuwa nimejigamba mbele ya wenzangu wawili kwamba Kimeru nakijua kuliko Wameru. Ningekuuliza vipi mbele yao? Nikafikiri moyoni kwamba kitu kinachotajwa kwa heshima namna hiyo lazima ni mti mkubwa. Kwetu mpaka ni mti mkubwa, au rundo la mawe, au njia. Nikafyeka nikitafuta mti mkubwa.

Katikati ya shamba nilikuta vimiti vyembamba vimesimama kwenye mstari, majani marefu kama ya mahindi yaliyokosa mahindi. Nikaona ni magugu ya mtu mvivu. Niliving'oa vyote. Vilikuwa na mizizi migumu, nikavitukana kwa Kinyamwezi, nikavitupa kwenye shimo la udongo. Nikaendelea mpaka kwenye mfereji. Mti mkubwa sikuuona.

Kesho yake asubuhi Bwana alifika na mnyororo wake wa kupimia. Wewe ulikuwa umelala huko juu, bado hujashuka. Akaniuliza, "Mpaka wa Mzee Sangito uko wapi?" Nilikuwa nimeshaona kaburi. Nilikuwa nimeshaona migomba iliyopaliliwa vizuri, na nilishajua kuna jambo. Ningeweza kusema, Bwana, sijui, tumngoje Mwalimu. Maneno manne tu. Lakini ningeonekana mjinga aliyefyeka shamba la watu, na mtu wa namna hiyo tulikuwa tumemwona akilazwa kifudifudi bomani Arusha akahesabiwa hamsa-ishirini, viboko ishirini na vitano. Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Ni mfereji, Bwana."

Akapima mpaka kwenye mfereji. Akachora ramani yake jioni hiyo hiyo. Tarishi aliyekuwa anashuka Moshi akaibeba pamoja na barua, na ikaenda zake Ulaya.

Mzee Sangito hakupiga kelele. Aliporudi kutoka mferejini aliteremka mpaka kwenye shimo la udongo, akaokota isale moja, akaketi chini nalo mapajani kama mtu aliyempakata mgonjwa. Wazee wa ukoo wakaja. Mmoja akasema vibarua ndio waliong'oa. Yeye akasema, "Kibarua hang'oi kitu bila kuamriwa." Na watu wote wakakutazama wewe.

Uliniuliza mara moja tu. Ulinikuta napanga matofali, ukasema polepole, "Maganga, yale masale yalikwendaje?" Nami nikasema, "Labda nguruwe pori."

"Nguruwe," ukasema. "Haya."

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba hakuna mnyama anayegusa masale, hata mbuzi mwenye njaa wakati wa kiangazi. Mtoto wa Kimeru anayetambaa analijua hilo. Kwa hiyo nilipotaja nguruwe nilikuwa nimekiri, ila mimi mwenyewe ndiye sikujua kwamba nimekiri. Wewe ulijua. Ulikuwa na mwaka mzima wa kunitaja na hukunitaja.

Siku ya tatu ulikata jani la isale, ukalifunga fundo, ukaenda nalo kwa baba yako mdogo mbele ya wazee. Nilikuona ukipita. Wakati ule nilishajua maana yake, mpishi wa Bwana alinieleza: anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe, lakini anayelibeba amesema kwa mkono wake kwamba kosa ni lake. Ulipita karibu yangu, na nilikuwa na nafasi ya kukushika bega. Nilikuwa na sepetu mkononi. Nikaendelea kukoroga.

Mzee alilipokea. Alisema, "Nimekusamehe, kwa kuwa isale halirudishwi." Basi. Hakuja kwako tena, na ile sehemu ya kihamba aliyokuonyesha tangu ulipokuwa mdogo hakuitaja tena. Ulihamia nyumba ya shule na Mama Naeli na binti yenu Naeli. Mimi ndiye niliyekubebea kitanda. Nilikubebea kitanda, Ndekirwa, na njiani nikazungumza habari za ukungu.

Miezi ikapita hivyo. Ulifanya mtihani wako, karatasi zikafungwa, zikaenda. Ulikuwa unacheka bado, lakini ulikuwa unacheka kwanza kisha unatazama nani yupo. Uliniita "mtani" kama zamani. Ulisema, "Nyinyi Wanyamwezi mnajua njia zote za dunia, kasoro mahali pa kusimama." Wenzangu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Nilijua unaniachia mlango wazi, na sikupita.

Mvua za masika zikakukuta unasimamia kuta zisizo na paa. Kichomi kilikushika Jumatatu, na Jumapili ukawa umekwenda.

Nilichimba kaburi lako mimi. Bwana alichagua mahali, pale kwenye kile kipande kati ya mstari wa masale na mfereji, kwa sababu alisema ndipo patakuwa makaburi ya shule. Nilidhani hajui anasema nini. Nilichimba nikijua ninakulaza juu ya wizi wangu. Wanafunzi wa shule zote tatu walikuja. Waarusha kutoka chini walitembea tangu alfajiri, na wazee wawili walishika nyasi mkononi, kama wanavyofanya wakitaka amani. Wa ukoo wako hakuja hata mmoja. Migomba ya Mzee Sangito iko hatua ishirini kutoka kaburini. Tulimwona mtu amesimama ndani yake, akatazama, akaondoka. Mama Naeli aliimba peke yake upande wa jamaa, mahali ambapo watu arobaini walipaswa kuwapo.

Baada ya hapo wazee wa ukoo walimwambia wazi. Nyumba ya aliyeng'oa masale haina mgomba hapa. Bwana naye, kwa upole, alimwambia anaweza kukaa kwenye nyumba ya shule mpaka mwalimu mpya atakapoihitaji. Mkeo alikuwa anapika huku amefunga vyombo tayari, sufuria moja nje na vingine ndani ya kikapu.

Na mimi bado nilinyamaza. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu. Sikusema siku ile, wala wiki ile. Nilikuwa nimeshapanga kurudi kwetu. Wanasema reli imefika Tabora, na kwamba mtu anaweza kuona moshi wake toka mbali. Nilifikiri nikiwa Tabora masale yatakuwa magugu tena.

Halafu cheti chako kikafika.

Kilikuja na meli, na reli, na tarishi, ndani ya bahasha ngumu. Wiki sita baada ya kukuzika. Bwana aliniita barazani, akaniambia mimi ndiye nilikuwa rafiki yako, nimpelekee mjane. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Akasema, "Wameandika kwamba amefaulu vizuri sana. Alikuwa mwalimu wangu bora." Halafu akasema, "Aliniambia uongo mara moja tu, kwa mdomo wako. Ule mpaka. Alikuja kuniambia tumepima vibaya, mpaka ni yale masale. Nikamwambia ramani imeshakwenda, wakubwa wa ng'ambo wamekwisha kuikubali. Nikamuuliza, nani alimwambia Maganga kwamba ni mfereji? Akasema, mimi."

Nilishika bahasha. Sikumbuki kama niliaga.

Sikuwa nimejua hilo. Nilidhani ulinificha kwa kunyamaza tu, na kunyamaza ni jambo ambalo hata mimi naliweza. Kumbe ulilisema kwa mdomo, mbele ya mtu uliyemheshimu kuliko wote, na mtu huyo akabaki na doa lako moja na doa lenyewe ni langu.

Mama Naeli hakujua kusoma maandishi yale, akaniambia nimsomee. Nilisoma jina lako na neno la kufaulu, mengine yalikuwa ya Kijerumani. Alikishika cheti kwa pembe ili asikichafue na unga. Akasema, "Basi hao wa mbali wamemjua. Hawa wa karibu ndio hawamjui." Nilitoka nje.

Asubuhi yake nilikwenda kukata isale. Nilichagua vizuri safari hii.

Mzee Sangito alikuwa anaweka samadi kwenye migomba. Nikasema, "Shikamoo, Mzee." Alitazama mkono wangu.

"Nani amekufundisha kushika hilo?"

"Mwalimu Ndekirwa."

"Unajua linasema nini?"

"Sasa najua."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Mti mkubwa niliokuwa nautafuta, mfereji, ramani, na jinsi ulivyoniuliza mara moja. Nilipofika kwenye nguruwe alinikatiza.

"Ulimwambia nguruwe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nguruwe anakula masale?"

"Sikujua."

Akacheka. Alicheka kama unavyocheka wewe, mabega yakipanda, na mabega yakaendelea kupanda na kushuka baada ya kicheko kwisha, akageuka akashika mgomba. Nilitazama chini mpaka aliponigeukia.

Alilipokea isale langu. Alisema, "Hili haliulizi mkono umetoka kabila gani." Nikadhani yamekwisha. Lakini hakuondoka. Alisema, "Mwanangu alikuja hapa na kosa lisilo lake, nikalipokea, nikamsamehe kwa mdomo na kumfukuza kwa miguu. Sasa mimi nimpelekee nani isale? Wa kulipokea yuko chini ya udongo wa shule." Kisha akasema, "Nenda ukamwambie mzungu wako. Uliyoyaharibu kwa mdomo huwezi kuyatengeneza kwa jani peke yake."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nilimwambia Bwana nikiwa nimesimama pale pale barazani. Nilikuwa nimeshavua shati, Ndekirwa. Nilikuwa nimelikunja na kulishika, ili nisipoteze muda wa askari. Bwana aliniambia nivae.

Hakunipiga. Alikaa, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu wake. Alisema ataandika barua kwa wakubwa kuomba ramani ibadilishwe, na kwamba jibu litachukua nusu mwaka, na huenda likawa hapana, kwa sababu kule wanajua karatasi tu, mtaro wa maji na kaburi la bibi hawavioni. Alisema pia hawezi kuniweka tena kwenye kazi. Hakusema kwa hasira. "Neno lako lilisogeza ukuta wangu," alisema. "Siwezi kujenga nalo." Nilikuwa nimeogopa kiboko mwaka mzima. Kiboko nilichokiogopa hakikuja, na nilichopewa badala yake bado sijui namna ya kukibeba.

Jumapili iliyofuata Mzee Sangito alikuja kaburini kwako na watu wa ukoo. Walikuja wote, na watoto migongoni. Walipita juu ya ule mstari ambapo masale yalikuwapo, na yeye alisimama pale kidogo kabla hajavuka, kana kwamba anaomba ruhusa kwenye ardhi yake mwenyewe. Aliongea nawe kwa Kimeru kwa sauti ndogo. Sikuelewa yote, na safari hii sikujifanya naelewa. Baadaye wanawake walimchukua Mama Naeli, wakabeba kikapu kile kilichokuwa kimefungwa tayari, wakampeleka kwenye sehemu yako ya kihamba. Amepewa migomba yako yote. Naeli amepewa mbuzi. Jina lako linatajwa jioni wanapokula. Hilo nimeambiwa, sikualikwa.

Kipande chenyewe bado ni cha shule. Na wewe umelala ndani yake. Kama barua ya Bwana itakubaliwa utarudi kwenye ardhi ya ukoo bila kusogezwa. Kama haitakubaliwa, utabaki mwalimu wa shule ya tatu. Sijui ungependa ipi. Ningekuuliza.

Limebaki jambo moja, na hili ndilo lililonifanya nitafute penseli.

Nilikwenda kwa Mama Naeli. Nilikuwa nimefunga mzigo wa safari ya Tabora, na mkononi nilikuwa na isale jingine, limefungwa fundo kama lako. Alinikuta kwenye uchochoro wa migomba kabla sijafika mlangoni. Alinyoosha kiganja kunizuia.

"Shemeji, hilo litupe kabla hujaniambia neno."

Nikasema nimekuja kuomba msamaha.

"Najua ulichokuja kuomba. Ukinipa jani hilo nitakusamehe leo hii, kwa sababu sina njia nyingine. Mume wangu alisamehewa hivyo. Niliishi ndani ya msamaha huo mwaka mzima, naujua ulivyo baridi."

Nikauliza nifanye nini basi.

"Njoo mikono mitupu. Si leo. Njoo mwakani, na nisipokuita ndani, njoo mwaka mwingine. Siku nitakayokukaribisha utajua ni mimi ninayekukaribisha, si jani."

Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijala. Hata hapo, Ndekirwa, nilidanganya, kwa aibu tu. Alijua, akaingia ndani.

Mzigo wa Tabora nimeufungua. Nimepata kazi ya kupasua mbao Olmotonyi, kwa fundi asiyeuliza nilikotoka. Kule ni baridi na bega linaniuma, na usiku nasikia lugha ambayo si yangu pande zote. Mama yangu mzazi pengine bado yu hai huko Unyamwezi, pengine anauliza wapagazi wanaopita. Nitamtumia salamu na mtu. Mimi siendi.

Lala sasa, Mwalimu wangu. Nakuahidi hivi. Kila mwaka, siku ambayo wanaume wanapanda kusafisha mfereji, nitashuka kutoka Olmotonyi, nitasimama kwenye uchochoro wa migomba yako, nitapiga hodi mara moja, na sitabeba kitu. Asipoitika, nitageuka nirudi kazini, na mwaka unaofuata nitashuka tena. Na akiniuliza kama nimekula, nitamwambia kweli.

Ni mimi,
Maganga